Ng'ombe wa Bibi Ndeumasia Hajakukosea

Haika,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi siulizi, maana nakusikia chumba cha pili ukivuta zipu ya begi kana kwamba begi ndilo lililokukosea. U mzima. Na mimi ni mzima, ila nimekasirika, na ndiyo maana naandika. Tangu jana hatujasemezana zaidi ya "chumvi iko wapi" na "iko pale". Nikifungua mdomo nitapiga kelele, nawe utajibu, kisha nitalia, na kesho nitakusindikiza stendi macho yamevimba mbele ya watu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya Dar, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo shangazi yako ameyaimba wiki nzima na wewe umeitikia kama kwaya. Mimi nina jambo moja tu, unalijua, na basi lako linaondoka alfajiri.

Nimekukasirikia. Nianze hapo ili usidhani nakubembeleza. Nimemkasirikia na Mzee Elifuraha, mwenyekiti wetu, zaidi yako. Nami nimejikasirikia kuliko nyote wawili. Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu kila mtu hapa Old Moshi ameshalisimulia kwa namna yake, na mimi niliye katibu wa chama sijalisimulia hata mara moja.

Chama chetu cha maziwa kilikuwa kinapokea wanafunzi wa fildi kama kinavyopokea mvua: wakija, wamekuja. Chuo kinaleta barua, mimi nagonga mhuri, mwenyekiti anasema "karibuni wanetu", na kuanzia hapo wanakuwa wanetu kweli. Sasa mtoto wa nyumbani hakai kwenye kiti huku wazee wanabeba madumu. Basi wanabeba madumu wao. Wanakata majani ya ng'ombe, wanatumwa vocha, na kukitokea msiba ofisi inafungwa nao wanakwenda kumenya ndizi. Unamkumbuka yule binti wa uhasibu? Alimenya ndizi za misiba mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, akaniuliza aandike nini kwenye kitabu chake cha fildi. Nikamwambia aandike "ushirikishwaji wa jamii". Mwalimu wake alipokuja kukagua alifurahi sana, akasema hayo ndiyo mafunzo kwa vitendo.

Nilikusimulia hilo tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha ukaja wewe, na barua ya chuo mkononi, baada ya ofisi zote za mjini ulizoomba kukaa kimya. Nikaona jinsi barua ile inavyoshikwa na mtu anayeitegemea. Kicheko kiliniisha siku hiyo. Yule binti wa uhasibu naye alikuwa na mama mahali fulani, na mama huyo alikuwa akiamini mwanawe anafundishwa hesabu.

Hukuja na wazo la kompyuta. Watu wanasema umetuletea mambo ya Dar, ni waongo. Ulikuja ukamkuta ndama. Ng'ombe wa Bibi Ndeumasia alikuwa amezaa ndama asiyeweza kusimama, miguu ya mbele imejikunja kama ya panzi. Bibi yule, mjane asiye na mtoto karibu, akamwingiza ndani, akamlaza kwenye gunia karibu na jiko, akamnywesha maziwa kwa chupa ya soda. Ulikwenda kumsaidia kumgeuza. Alipokufa, bwana mifugo akasema huenda ni damu: mama yake alipandishwa kwa mbegu ya dume lile lile lililomzaa mama huyo. Ile mbegu inakuja kwenye mtungi wa baridi, haina sura, na bwana mifugo ana ng'ombe wa vijiji vingapi kichwani mwake?

Ukaniuliza, "Mama, nani anaangalia kabla?"

Nikakufungulia kabati. Madaftari ya miaka yote, nani kapandishwa lini na kwa dume gani, mengine panya wamekula, moja limewekwa chini ya mguu wa meza isicheze. Ulitazama kabati lile kwa hasira. Nilikufurahia siku hiyo. Nikasema moyoni, huyu amechukua kwangu.

Mkafanya kazi, wewe na Godlisten, mpwa wa mwenyekiti, aliyekuja fildi wakati mmoja na wewe kutoka chuo kingine. Haki yake nampa. Kijana yule alipanda na kushuka vihamba vyote, migomba ya kila nyumba, akawauliza bibi zetu majina ya ng'ombe na mama za ng'ombe, na bibi wakampenda wakampa maparachichi. Lakini aliyekaa akayasoma madaftari ni wewe. Aliyeyapanga ni wewe, na aliyejifunza wingu la kuhifadhia kumbukumbu ni nini, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kuungaunga, ni wewe. Nilikuwa nakusikia ukirudia maneno mwenyewe jikoni huku ukikoroga kiburu cha ndizi na maharage, kama mtu anayejifunza ungamo la kipaimara.

Halafu ukatufundisha sisi. Pale kituoni, baada ya maziwa kupokewa, wajumbe wamekaa kwenye madumu matupu. Mzee Elifuraha akauliza, "Hiyo kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Iko mbali, Mzee. Hata mimi sijaiona."

"Sasa unaweka vitu vya watu mahali hujapaona?"

Wakacheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Mzee, mfongo wetu wa maji unatoka wapi?"

"Unatoka juu, msituni."

"Ulishafika mahali maji yanapotokea?"

"Babu alifika."

"Lakini unamwagilia. Kuna zamu, kuna mtu wa kugawa, na kuna lango la kuingilia kihamba chako. Hii nayo ni hivyo. Mashine ni ya watu wengine, tunakodi sehemu. Kitu cha kujua ni nani ana ruhusa ya kufungua lango, na nani ana ruhusa ya kutazama tu."

Hata mimi niliyeishia kidato cha nne nikaelewa. Nikaandika: kuna mwenye akaunti, kuna msimamizi, kuna mtumiaji. Ukaniuliza kwenye akaunti tuweke jina la nani. Mzee Elifuraha hakuwa na barua pepe. Godlisten alikuwa nayo, neno la siri alilisahau. Chama hakikuwa na chochote. Nikasema, kwa kinywa hiki changu, "Weka yako tu, mama, tutabadilisha baadaye."

Hapo ndipo nilipokosea, nami nataka ukae na kosa hilo huko uendako, kwa sababu wenye ofisi kubwa watalifanya mbele yako nao wana digrii. Ukiwa na haraka, kitu cha watu wengi kinafunguliwa kwa jina la mtu mmoja, na kila mtu anasema baadaye. Mtu yule akigombana nanyi, au akifa, au akiolewa Sumbawanga, kitu kimekwenda naye. Mimi ndiye katibu. Wewe ulikuwa mwanafunzi. Kukumbuka ilikuwa kazi yangu, na nilikuachia mzigo wa chama kizima mfukoni mwako kwa sababu ulikuwa mwanangu na nilijua unalala chumba cha pili.

Sasa nifike kwenye mkutano mkuu.

Mbuzi alichinjwa. Wanachama walijaa mpaka nje ya kituo. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa nyuma, jikoni, na akina mama, unakoroga mtori, kwa sababu siku ya mkutano mabinti wote wanakuwa jikoni na hakuna aliyefikiri kwamba wewe ni mtoa mada. Wala mimi sikufikiri! Nilikupitia asubuhi na kalamu yangu nikakwambia chumvi imezidi. Mzee Elifuraha akasimama na kofia yake akasema, "Kijana wetu Godlisten ametutengenezea mfumo. Ng'ombe wetu sasa wako kwenye wingu." Makofi. Godlisten akafunguliwa laptopu yako, akaonyesha. Alitazama kule jikoni mara mbili, nilimwona. Lakini alionyesha.

Na mzee yule, kwa furaha ya kupigiwa makofi, akaagiza madaftari ya zamani yaletwe kuwashia moto wa mbuzi. "Hatuhitaji tena makaratasi!" Ulitoka jikoni na mwiko mkononi ukapiga kelele, "Msichome! Jamani, msichome, bado sijahakiki yote!" Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Binti, rudi, mtori utashika chini." Ukasimama pale. Ulinitazama mimi, si wao. Nami nilikuwa nimekaa meza kuu, kalamu mkononi, nikakufanyia ishara ya macho kwamba rudi.

Rudi! Mwanangu mwenyewe anawaambia watu wazima neno la akili, nami namrudisha jikoni kwa jicho. Na madaftari yakaungua.

Unajua kwa nini. Baba yako alipofariki, Mzee Elifuraha ndiye aliyesimamia mazishi. Alikaa hapa uani akapanga kila kitu, na mimi sikuweza hata kusimama. Tangu siku hiyo kila nikitaka kumpinga namwona amekaa uani. Niliita hiyo heshima. Ilikuwa shukrani, na shukrani ni kitu kizuri, lakini niliilipa kwa kitu chako. Shukrani yangu ningeilipa kwa maziwa yangu, kwa mgongo wangu, kwa kumpikia. Sikuwa na haki ya kuilipa kwa kazi ya mikono yako.

Na bado sikuishia hapo. Niliandika muhtasari. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wanaousifia: "Ndugu Godlisten aliwasilisha mfumo alioutengeneza." Niliandika alichosema mwenyekiti, ndivyo katibu anavyofanya, nilijiambia. Halafu nikakupa wewe karatasi ile uipige picha, uipandishe kwenye wingu, ihifadhiwe milele! Ulisimama mlangoni ukaisoma. Ukasema, "Sawa, mama." Ukaipandisha. Hukuongeza neno. Ningeona afadhali unitupie kiatu.

Kazi ilipotangazwa, ya mtu wa kutunza mfumo, akapewa Godlisten bila kuitwa mwingine. Nilimuuliza mzee, nikiwa peke yangu naye, kwa sauti ya chini, ndiyo sauti niliyokuwa nayo wakati ule. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Haika, binti ataolewa. Ataondoka na mambo yetu." Nikarudi nyumbani nikakamua ng'ombe nikiwa na hasira mpaka ng'ombe akanipiga teke.

Wewe ukaomba Dar. Kampuni ile ya mambo ya wingu ikakuchukua kwa mafunzo ya kazini, ikakuahidi kazi ukifanya vizuri. Tukaimba humu ndani, shangazi akapiga vigelegele. Na siku hiyo hiyo, kumbe, ukamtoa kila mtu kwenye akaunti. Mwenyekiti, wajumbe, Godlisten. Mlango ukaufunga.

Nilijua Godlisten alipokuja kusimama pale kwenye mgomba wa kwanza, hataki kuingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko huko?"

"Mama, mfumo umenikataa. Haika kanitoa." Akachezea majani ya mgomba. "Hata mimi ningemtoa mtu kama mimi. Ila bibi zangu wa ng'ombe watanidai, mama. Mimi kumbukumbu zao sinazo kichwani."

Nilikuja kwako ukasema, "Si walisema kaufanya Godlisten? Aufungue." Ulikuwa umesema kweli. Na hapo ndipo hasira yangu juu yako ilipoanza, kwa sababu kweli yako ilikuwa imekaa mahali pabaya.

Ngoja niimalize hii kabla hujachana karatasi. Unakwenda kufanya kazi gani? Kutunza vitu vya watu usiowajua, ambao hawatajua jina lako, na wengi hawatakushukuru. Mgonjwa ataandikwa huko, mshahara wa mtu utakuwa huko. Bosi wako atakukera. Nakuhakikishia atakukera! Siku moja atasimama mbele ya watu akasema kazi yako ni ya mwingine, na wewe utakuwa na ufunguo mkononi. Ukishajifunza hapa nyumbani kwamba ufunguo ni wa kulipizia, utajifunza Dar nini? Mwenyekiti alikukosea. Godlisten alikukosea kwa kutazama jikoni na kuendelea. Mimi nilikukosea kuliko wote. Ng'ombe wa Bibi Ndeumasia hajakukosea.

Jana Mzee Elifuraha akaja na isale. Alivaa koti. Akasimama hapo mlangoni na jani mkononi, mzee mzima, na unajua kwetu jani hilo likiletwa halirudishwi. Ukiletewa isale unasamehe hata kama kisu bado kiko mgongoni. Nikalipokea. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyoitikia marahaba. Akasema, "Yaishe, mama Haika. Mwambie mtoto afungue." Nikaja kwako na jani nikasema tumeombwa radhi. Nawe, bila hata kugeuka, ukikunja nguo zako:

"Umeombwa wewe, mama. Umesamehe wewe. Mimi sijaombwa."

Nilikuita mtovu wa adabu. Nilisema na mengine, sitayaandika. Kisha jani lile likanikaa kichwani usiku mzima, na leo kanisani mchungaji anahubiri mimi sisikii, nabishana na wewe, na kila hoja unanishinda. Aliyekosewa ni nani? Jani lilikwenda kwa nani? Mzee yule anajua mila kuliko sisi sote. Anajua jani hupelekwa kwa mwenye jeraha. Alilileta kwangu kwa sababu kwake wewe si mtu bado, ni mkono wangu wa tatu. Nami nikalipokea kwa sababu, Mungu anisamehe, hata kwangu ulikuwa hivyo.

Baada ya ibada sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nadhani uliona. Nilichukua jani nikaenda kwake. Alikuwa amekaa anakunywa mbege na mashemeji zake. Nikasema shikamoo, nikamwekea jani mkononi.

"Mzee, nilipokea kisicho changu. Aliyekosewa ni Haika."

Akasema, "Nimpelekee isale mtoto?"

"Kama ni mtoto, mfumo wake mliutumiaje?"

"Mama Haika, unarudisha isale? Unajua unachofanya?"

"Sirudishi. Nakuelekeza nyumba."

Sauti haikuwa ile ya chini. Nilimwambia pia kwamba muhtasari ule ni wa uongo na nimeuandika mimi, kwa hiyo mimi nitaurekebisha mbele ya mkutano, na asiponipa nafasi nitausoma kwenye foleni ya maziwa. Na kwamba mwanafunzi wa fildi atakayekuja chamani mimi nikiwa katibu atakuja kufanya alichosomea, ataandikwa jina kwenye alichokifanya, na ndizi za msiba tutamenya wenyewe wenye misiba. Shemeji mmoja akakohoa. Nikaondoka. Tangu hapo namsikilizia kwenye njia, na mpaka naandika hapa hajaja. Huenda atakuja, huenda hatakuja. Mtu wa umri wake kumshikia jani binti ni mlima, na mimi sikuahidi mlima wa mtu mwingine.

Nilipotoka kwake nikapita kwa Bibi Ndeumasia. Ng'ombe wake ameanza kulia tangu mchana, anapanda wenzake, ameiva kwa kupandishwa. Bwana mifugo ameshaitwa, anakuja kesho asubuhi na mtungi. Bibi akaniuliza, "Yule mjukuu wangu wa kompyuta ameshasema dume gani?" Hajui chochote cha ugomvi huu. Hakuwepo mkutanoni, miguu inamsumbua. Anadhani unamfikiria ng'ombe wake sasa hivi. Nikamwambia, "Bado kidogo, bibi."

Nikaenda kituoni. Kulikuwa kimya, Jumapili. Nikawasha ile kompyuta ya kituo, nikaandika jina langu na neno langu la siri, bila matumaini, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Ukafunguka.

Nilikaa pale, Haika. Ulimtoa kila mtu, mimi hukunitoa. Ulinipa usimamizi wa pili tangu mwanzo, siku ile tunafundishwa, nami nilidhani ni zoezi. Nikaona ng'ombe wote. Nikaona wa Bibi Ndeumasia, na mama yake, na dume lililomzaa, na chini umeandika kwa maneno mekundu, DUME HILI LISIRUDIWE. Umeandika hata habari za ndama aliyekufa. Nilitaka kulia, badala yake nikakasirika upya. Kwa nini hukuniambia? Uliniachia mlango ukanyamaza, ili mimi nije niamue, nami nikiamua vibaya ubaki na hasira yako safi. Au ulikuwa unanipima? Au ulisahau? Wewe husahau? Hukuwa na haki ya kunipima, na mimi sikuwa na haki ya kulalamika, basi tukae hivyo hivyo.

Nimeizima kompyuta, sijamgusa mtu, sijamwambia mtu. Ningeweza kuwarudisha wote kwa kidole kimoja, ulinifundisha vizuri. Lakini nikifungua mimi, habari itakuwa kwamba mama kafungua, na wewe utabaki hapa kijijini kuwa yule binti aliyefunga maziwa ya watu akaenda Dar. Wataliimba hilo mpaka uzeeke. Kila Krismasi ukirudi utalikuta limekaa kwenye kiti linakusubiri.

Kwa hiyo fungua wewe. Si kwa sababu umeombwa radhi. Hujaombwa, na asipokuja usimsamehe kwa kunifurahisha mimi. Hasira yako kaa nayo, ni ya haki, nenda nayo Dar kwenye begi lile. Fungua, uandike akaunti kwa jina la chama, na pale juu kabisa andika jina lako kwamba wewe ndiye uliyeutengeneza, na la Godlisten chini kwamba ndiye aliyewahoji wafugaji. Atakayelifuta atanikuta.

Mimi naiweka barua hii juu ya begi, nakwenda kukamua. Ukifungua, kesho kwenye foleni ya maziwa nitawaambia ni Haika kafungua. Usipofungua, bwana mifugo akifika kwa Bibi nitafungua mimi, kwa sababu ng'ombe hasubiri. Na wakiniuliza nani kafungua, nitasema ni mimi. Katika nyumba hii hatumpi tena mtu sifa ya kazi ambayo hakuifanya, hata awe mtoto wetu.

Mama yako